Tiketi ya Kwenda Tu: Maswali ya Wasomaji kuhusu Kukaa Ugenini kwa Muda Mrefu

SWALI: Ndugu Mhariri, binti yangu anaishi Ufaransa na amejifungua mtoto wake wa kwanza. Nimepata viza ya kumtembelea, na kwa kuwa sijui atanihitaji hadi lini, nimekata tiketi ya kwenda tu, nikikusudia kukaa miezi mitano au sita. Jirani yangu ananitisha kwamba sitapandishwa ndege. Je, tiketi ya namna hiyo ni kosa? (Bibi mpya)

JIBU: Mama, hongera sana kwa kupata mjukuu. Tiketi ya kwenda tu si kosa kisheria. Kilichonishtua katika barua yako ni hiyo miezi sita, na naomba nianze nayo, maana ndiyo inayoweza kukuumiza.

Fungua pasipoti yako uitazame karatasi ya viza iliyobandikwa humo. Utaona tarehe mbili, ya kwanza na ya mwisho, kisha utaona idadi ya siku unazoruhusiwa kukaa. Watu wengi husoma tarehe ya mwisho wakadhani ndiyo siku ya kuondoka, kumbe tarehe hizo zinaonyesha tu kipindi ambacho viza inaweza kutumika, na idadi ya siku ndiyo inayotawala. Viza ya muda mfupi ya nchi za Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Ufaransa ikiwemo, ambazo sasa ni 29, haiwezi kuzidi siku 90 ndani ya kila siku 180, na siku ya kuingia na siku ya kutoka zote huhesabiwa. Kuongezewa siku kupo, lakini ni kwa sababu nzito kama vile ugonjwa unaomzuia mtu kusafiri. Hamu ya bibi kumlea mjukuu, ingawa naielewa kwa moyo wote, haimo katika sababu hizo. Kwa hiyo una njia mbili: ama ukae ndani ya siku ulizoandikiwa, ama usiondoke kwanza, uende ubalozini kuomba viza ya muda mrefu ya mgeni, ambayo hairuhusu kufanya kazi lakini inakuruhusu kukaa zaidi ya siku 90. Usiingie kwa viza fupi ukitumaini kuibadilisha ukiwa huko.

Sasa tuje kwenye tiketi. Msafiri hupita milango miwili, naye hujiandaa kwa ule wa afisa uhamiaji akausahau ule wa kwanza, yaani kaunta ya shirika la ndege. Chini ya Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ulio mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, katika Kiambatisho chake cha 9, shirika lililomleta abiria aliyekataliwa mpakani hubeba wajibu wa kumwondoa. Juu ya hilo kuna faini: sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2001 inazitaka nchi wanachama ziyatoze faini mashirika yanayoleta abiria wasio na hati zinazotakiwa, na mojawapo ya viwango inavyoviruhusu ni faini isiyopungua euro 3,000 kwa kila abiria. Ndiyo maana mfanyakazi wa kaunta huwa mkali. Anaandika uraia wako, aina ya viza yako na nchi uendako katika mfumo uitwao Timatic, unaoendeshwa na shirikisho la mashirika ya ndege duniani, IATA, kisha anasoma masharti yanayojitokeza kwenye kioo. Pakiwa pameandikwa kwamba abiria awe na tiketi ya kurudi au ya kuendelea mbele, atakuomba uionyeshe, na huwezi kumlaumu.

Niliwahi kusimama kwenye foleni nyuma ya mzee mmoja aliyekuwa akienda kwa mwanawe. Aliulizwa tiketi ya kurudi, akajibu kwa utulivu kwamba hana ila ana barua ya mwanawe na karatasi za benki. Alipoambiwa azionyeshe, akageuka kulitazama sanduku lake, ambalo lilikuwa limekwisha kupimwa na kuanza kusogea kwenye mkanda. Lilirudishwa, likafunguliwa palepale sakafuni, na mzee wa watu akapiga magoti akipekua kati ya mashati na zawadi huku foleni nzima ikimtazama. Barua aliipata na alisafiri, lakini mikono yake ilikuwa ikitetemeka. Tangu siku hiyo kila anayeniomba ushauri humwambia neno hili kabla ya mengine yote: karatasi zako zikae kwenye mkoba wa mkononi.

Mlango wa pili una sheria yake. Kanuni za mipaka ya Schengen zinamtaka mgeni aeleze sababu ya safari na mahali atakapokaa, na athibitishe kwamba ana fedha za kutosha kujikimu na za kurejea alikotoka. Uzito uko kwenye uwezo wa kurudi, na tiketi ni njia iliyo wazi zaidi ya kuuthibitisha, ingawa si njia pekee. Hivyo usipokuwa na tiketi ya kurudi, beba taarifa ya benki ya karibuni, bima ya matibabu ya kiwango kisichopungua euro 30,000 ambayo bila shaka uliipeleka ubalozini, na ile hati ya kumpokea mgeni ambayo binti yako aliichukua kwenye ofisi ya meya wa mji anaokaa. Hata hivyo, Mama, kwa hali yako mimi ningekata tiketi ya kurudi inayobadilishika tarehe, na nikaipanga ndani ya siku za viza. Mtoto akihitaji wiki mbili zaidi na siku bado zipo, unasogeza tarehe mbele.

SWALI: Kijana mmoja mtaani anauza karatasi za tiketi ya kurudi kwa bei ndogo, na anasema mpakani hawakagui. Mwenzangu aliitumia akapita. Mnaonaje?

JIBU: Ndugu yangu, nakusihi usiitumie. Karatasi hizo ni za aina mbili. Ya kwanza ni ya kughushi kabisa, yenye namba isiyokuwepo popote. Ya pili ni nafasi halisi iliyoshikwa kwenye ndege bila kulipiwa, ambayo hufutika yenyewe baada ya muda mfupi. Zote mbili huanguka kwa kipimo kilekile: kila nafasi ina namba yake ya herufi na tarakimu sita, na tiketi iliyolipiwa ina namba yake ya tarakimu 13, na mfanyakazi anaweza kuzitafuta kwenye kompyuta kwa muda mfupi tu. Mwenzako alipita kwa sababu hakuulizwa. Angeulizwa, suala lisingekuwa tena tiketi, lingekuwa udanganyifu, na mtu aliyeandikiwa udanganyifu katika kumbukumbu za uhamiaji hubeba doa hilo kila anapoomba viza nyingine.

Wengine hutegemea kanuni ya Marekani ya kufuta tiketi ndani ya saa 24 bila kukatwa fedha. Kanuni hiyo inayabana mashirika pale tu tiketi inapokatwa siku 7 au zaidi kabla ya safari, hivyo haiwezi kumwokoa mtu anayenunua akiwa amesimama kaunta. Njia ya halali ni kununua tiketi inayorudishiwa fedha yote, au tiketi ya bei nafuu ya basi au ndege inayokutoa kwenda nchi jirani ambayo kweli unaruhusiwa kuingia. Ufilipino, kwa mfano, hutaka wanaoingia bila viza waonyeshe tiketi ya kuondoka, ingawa wengi wao wakishaingia huweza kuongezewa muda hatua kwa hatua hata ukafika miezi 36. Huko tiketi ya kuondoka unaihitaji hata kama nchi yenyewe iko tayari kukuongezea siku baadaye.

SWALI: Nimepata viza ya masomo ya miaka mitatu. Je, nami natakiwa kuwa na tiketi ya kurudi?

JIBU: Kwa kawaida hapana. Viza ya masomo, ya kazi au ya kuungana na familia inakubali tangu mwanzo kwamba utakaa, na tiketi ya kwenda tu ndiyo inayolingana nayo. Beba barua ya chuo na uthibitisho wa malazi. Hakikisha pia kwamba mfanyakazi wa kaunta ameuona ukurasa wenye viza hiyo, maana akiingiza neno «mtalii» kwenye mfumo kwa bahati mbaya, kompyuta itadai tiketi ya kurudi.

SWALI: Ninafanya kazi kwa njia ya intaneti na ninaishi nchi ya kigeni kama mtalii. Siku zangu zikikaribia kwisha ninavuka mpaka, ninalala usiku mmoja, kisha ninarejea. Nimefanya hivyo mara nne. Kuna ubaya?

JIBU: Hukutaja nchi, na katika hili nchi hutofautiana sana. Katika Schengen njia hiyo haifui dafu, kwa sababu afisa huhesabu nyuma siku 180 kutoka siku aliyo nayo, na usiku mmoja nje haufuti chochote; tena tangu tarehe 12 Oktoba 2025 nchi hizo zimeanza kutumia mfumo wa kielektroniki unaosajili sura, alama za vidole na kila kuingia na kutoka. Uingereza humpa mtalii hadi miezi 6, lakini kanuni zake zinamkataza kuishi humo kwa ziara zinazofuatana. Marekani ni nzito zaidi: kwa sheria ya mwaka 1996, aliyezidisha muda wake kwa zaidi ya siku 180 kisha akaondoka anaweza kufungiwa miaka 3, na aliyezidisha mwaka mmoja au zaidi, miaka 10.

Zipo nchi ambazo hesabu huanza upya unapovuka, lakini hata huko afisa anayeiona mihuri minne inayofuatana ana haki ya kukuuliza unaishi wapi. Usingoje swali hilo. Estonia ilianzisha viza ya wanaofanya kazi kwa mtandao mwaka 2020, ikiruhusu hadi mwaka mmoja, na Ureno ilifuata mwaka 2022. Angalia kama nchi uliyopo ina ya namna hiyo, na uiombe kabla hujavuka mpaka kwa mara ya tano.