Impreza STI isiyo na risiti hata moja: pesa ya kwanza iende wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Arusha. Mwezi uliopita nimenunua Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2006, iliyotoka Japani, gia sita za mkono. Dashibodi inasoma kilomita 128,000. Aliyeniuzia ni mtu wa tatu kulimiliki hapa nchini na hana risiti yoyote ya sevisi; anasema tu mkanda wa taiming "ulishabadilishwa". Asubuhi nikiliwasha linatoa moshi wa bluu kidogo kisha unakata, na nikikaa kwenye foleni nasikia harufu ya oili inayoungua. Mbele kunagonga nikipita kwenye matuta. Fundi wangu anataka tuanze na shokapu. Rafiki yangu anasema niweke ekzosi kubwa na programu mpya ya kompyuta, maana gari limekuwa zito. Fedha ninayo, ila siyo ya kufanya vyote mwezi mmoja. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hongera kwa gari. Lipaki kwanza. Sisemi lifungiwe ndani, lakini safari za Moshi na Dar zisubiri, na mguu usifike chini kwenye pedeli mpaka tumalize mambo mawili matatu hapa chini.

"Ulishabadilishwa" bila risiti, bila stika, bila kilomita zilizoandikwa popote, kwangu maana yake ni haujabadilishwa. Kwa hiyo hesabu ya kila kitu kwenye gari hili inaanza sifuri leo. Lakini hilo halikulazimishi kwenda dukani kununua kila kitu. Gari lililotelekezwa, pesa yake ya kwanza ni ya kupima. Ukifunga mkanda mpya, wotapampu na shokapu kwenye injini ambayo silinda moja imekwisha, baada ya miezi miwili injini itashuka na utalipia kazi ileile mara ya pili.

Anza na oili, kwa sababu ndiyo rahisi na ndiyo inayoua hizi injini. Asubuhi, gari likiwa pahali tambarare na injini baridi, chomoa dipstiki, ifute, irudishe, isome. Injini hii ya EJ207 ya turbo (feni inayosukumia injini hewa kwa nguvu ya ekzosi) inaweza kula oili kati ya sevisi na sevisi bila kudondosha hata tone chini, na tofauti kati ya alama ya juu na ya chini ni takribani lita moja tu. Ikipungua halafu ukapiga kona kwa kasi, oili inakimbilia upande mmoja, pampu inavuta hewa, na beringi za konrodi zinaanza kuliwa. Taa nyekundu ya oili ikiwaka, mara nyingi madhara yameshafanyika. Kwa hiyo pima oili kila unapojaza mafuta, bila kukosa. Wenye STI wanaopuuza hili ndio wateja wazuri wa mafundi wa kuunda injini.

Imwage sasa hivi, weka sintetiki kamili ya 5W-30 au 5W-40 pamoja na chujio jipya la ubora. Chujio la zamani usilitupe. Mwambie fundi alikate kwa msumeno au mkasi wa bati, mkunjue ile karatasi ya ndani juani. Ukiona vumbi linalometameta rangi ya fedha au ya shaba, simama hapohapo: ni beringi, na maswali mengine yote yanasubiri. Karatasi ikiwa nyeusi tu, endelea. Oili hii mpya itoe baada ya kilomita 1,500 au 2,000, kisha uingie kwenye ratiba ya kila kilomita 5,000. Zile dawa za kusafisha injini zinazomiminwa kabla ya kumwaga oili achana nazo. Uchafu wa miaka ukibanduka kwa mkupuo mmoja unakwenda kuziba kwenye neti ya pampu, na kwenye baadhi ya injini hizi za Subaru kuna vichujio vidogo ndani ya bolti za mirija ya oili inayopanda juu na kwenda kwenye turbo. Kikiziba hicho cha turbo, turbo inakufa kwa kiu. Mwambie fundi azifungue bolti hizo na kuangalia.

Hatua ya pili ni plagi na kompresheni (presha ya hewa inayobanwa ndani ya silinda), kwa pamoja, kwa sababu plagi za injini ya boksa, yaani hii ya Subaru ambayo silinda zake zimelala, ziko ubavuni, karibu kabisa na ukuta wa bodi. Kuzifikia lazima utoe betri upande mmoja na boksi la hewa upande mwingine. Kwa kuwa hakuna anayependa kazi hiyo, magari mengi yasiyo na historia yanakuja na plagi ambazo hazijaguswa tangu Japani. Mkishazitoa, pimeni kompresheni: injini ya moto, betri imejaa, mafuta na moto wa plagi vimekatwa, throtoli imefunguliwa yote. Injini nzima ya aina hii husoma takribani bar 10 hadi 12, lakini kipimo hicho ni cha sehemu za chini, karibu na bahari. Arusha mko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na geji itasoma pungufu kwa sehemu ya kumi au zaidi hata kama injini haina kasoro. Fundi asiyelijua hilo anaweza kukutisha bure. Wewe angalia kama silinda zote nne zinalingana. Tatu zikikaribiana na moja ikabaki nyuma kwa zaidi ya bar moja, hasa silinda namba nne, nashuku kingo za pistoni zinazoshika ringi zimevunjika. Hapo muombe apime pia uvujaji kwa hewa ya kompresa. Hewa ikisikika kwenye mdomo wa kujazia oili, inapita kwenye ringi. Ikisikika kwenye ekzosi, ni valvu.

Plagi zenyewe zitakueleza kitu kuhusu ile harufu. Ukikuta mashimo ya plagi yamelowa oili, gasketi za vifuniko vya valvu na sili zake za duara zimekauka. Kwenye boksa vifuniko hivyo viko pembeni chini, na oili inayovuja inadondokea moja kwa moja kwenye bomba la ekzosi lenye moto. Hiyo ndiyo harufu yako ya foleni, naweza karibu kuapa. Ni gasketi za bei nafuu, badilisha palepale injini ikiwa imefunguliwa. Moshi wa bluu wa asubuhi unaokata haraka haunikoseshi usingizi: silinda zimelala, oili kidogo inatuama usiku. Ungeniambia gari linatoa moshi baada ya kuunguruma limesimama dakika kadhaa kisha ukakanyaga, ningeiangalia turbo. Na ukisikia mlio wa chuma kugonga asubuhi unaopotea injini ikipata moto, mara nyingi ni pistoni inacheza kwenye silinda. Unaokuja injini ikiwa ya moto na kupanda na mizunguko, zima gari na uite breakdown.

Sasa hilo la gari kuwa zito. Kabla ya programu mpya, soma ile iliyomo. Kompyuta ya STI ya Japani ilipangwa kwa petroli ya huko ya daraja la juu, yenye oktani karibu 100. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu haifiki hapo. Kompyuta ikisikia injini inagonga kwa mafuta dhaifu, inarudisha nyuma moto wa plagi na kupunguza nguvu ili kujilinda. Laptopu yenye RomRaider (programu ya kusoma kompyuta ya Subaru) na waya unaoendana na gari itakuonyesha kipimo kinachoitwa IAM, yaani kompyuta inaiamini injini kiasi gani katika kuwahisha moto wa plagi. Kwenye gari lenye afya kinasoma 1 kamili, au 16 kwa kompyuta za zamani kidogo. Kikiwa chini ya hapo, gari lako limejipunguza lenyewe, na ekzosi kubwa ingeongeza tatizo. Kwa wakati huu tumia petroli ya oktani ya juu kabisa unayoipata mjini, safisha sensa ya hewa kwa spreya yake maalumu, wala si kwa petroli, na mkague hosi ya mpira inayoingia kwenye turbo. Hosi hiyo imejificha chini ya manifodi, inapasuka kwa umri, na kuitambua kunahitaji mashine ya moshi. Magari mengi "mazito" niliyoona yalikuwa na ufa hapo au kwenye hosi za intakula, kile kipozeo cha hewa ya turbo.

Vipimo vikiwa vizuri, ndipo pesa kubwa itoke, na inakwenda kwenye mkanda wa taiming. Japani wanauhesabia kilomita 100,000, na mpira unazeeka hata gari likilala. Injini hii haisamehi: mkanda ukikatika valvu zinakutana na pistoni, na zenyewe kwa zenyewe. Nunua seti nzima: mkanda, roli zote pamoja na ile yenye meno, tensheni ya haidroliki, wotapampu kwa kuwa inazungushwa na mkanda huohuo, na themostati. Mkanda mpya juu ya roli za zamani ni pesa ya kutupa, roli ikikwama mkanda unachanika.

Fundi wako muulize maswali matatu kabla hajashika spana. Alama ya kranki ni ipi? Kwenye pulei ya kranki kuna mshale unaovuta macho, na si wenyewe. Alama ya kweli ni kamstari kadogo kwenye ukingo wa nyuma. Akikuonyesha mshale, mshukuru, tafuta mwingine. Pili, anajua kamshafti (shafti zinazofungua valvu) za upande wa kushoto zimebanwa na springi? Mkanda ukitoka zinaweza kuruka zenyewe na kupinda valvu, kwa hiyo zinashikwa kwa kifaa au kwa uangalifu mkubwa. Tatu, kibati kinachoulinda mkanda karibu na pulei ya kranki atakirudisha? Magari ya gia za mkono yanacho, kwa ajili ya kuzuia mkanda kuruka meno, na nafasi yake ni takribani milimita moja. Mafundi wengi hukitupa kwenye boksi la skrubu. Mkanda ukishafungwa, azungushe injini kwa mkono mizunguko miwili na alama zirudi mahali pake kabla ya kugusa swichi.

Rejeta itakuwa imemwagwa kwa kazi hiyo, kwa hiyo weka kulanti iliyochanganywa tayari, ijazwe taratibu na hewa itolewe. Boksa inapenda kubaki na hewa ndani, halafu inachemsha na watu wanasingizia gasketi ya hedi. Subaru za turbo zina vifuniko viwili vya maji, kimoja kwenye rejeta na kingine kwenye tangi dogo la juu. Presha zake hazilingani, msivibadilishane. Baada ya wiki angalia tangi la akiba: mapovu yanayotoka mfululizo injini ikiwa ya moto, hapo ndipo tuzungumze gasketi.

Vilivyobaki nitakwenda haraka. Gia boksi inachukua takribani lita nne za 75W-90 ya GL-5, na difu ya mbele inatumia oili hiyohiyo. Difu ya nyuma ni kama lita moja. Mafuta ya breki na ya klachi yabadilishwe yote, yanavuta unyevu wa hewa, na kwenye mteremko mrefu yakichemka pedeli inazama. Unene wa pedi na hali ya diski mviangalie siku ileile ya oili, hivyo havisubiri foleni.

Matairi: manne yawe saizi moja, aina moja na yamelika sawa. Subaru wanataka tofauti ya mzunguko isizidi kama milimita 6, la sivyo difu ya katikati inafanya kazi muda wote na kuungua. Soma pia tarakimu nne za mwisho ubavuni, wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tairi lenye kashata nzuri lakini la miaka kumi liuze kwa wanaotengeneza viatu.

Shokapu za fundi wako zina haki yao, ila zinakuja baada ya hayo. Na asikuuzie mapema: shokapu za STI hizi zimefungwa kichwa chini, na sauti unayoisikia mara nyingine inaisha kwa kuzifungua, kuzisafisha na kuzipaka grisi upya. Akague bushi za mikono na bolijointi kabla ya kusema shokapu zimekufa.

Kuna jambo ambalo hujaniuliza. Subaru ni miongoni mwa kampuni zilizoita magari yake kwa sababu ya eabegi (mifuko ya hewa ya kukinga ajalini) za kampuni ya Takata, ambazo kemikali yake huharibika kwa joto na unyevu wa miaka, na eabegi ikilipuka inarusha vipande vya chuma. Baadhi ya Impreza za kipindi hicho zimo. Chukua namba ya chesisi, iingize kwenye ukurasa wa Subaru wa Japani wa magari yaliyoitwa, uone kama kazi ilishafanyika kabla gari halijapandishwa meli.

Ekzosi na programu tutaongea ukishapata kompresheni ya silinda nne na namba ya IAM. Nitumie zote, pamoja na picha ya karatasi ya chujio ikiwa imekunjuliwa mwangani. Picha ya gari lenyewe baadaye.