Ukikabwa na jinamizi, usishindane nalo

Ukikabwa usiku wa leo, usipigane. Najua ni rahisi kusema, kwa sababu wakati ule kila kiungo kinataka kufurukuta na hakuna hata kimoja kinachokutii. Lakini huo ndio ushauri wangu wa kwanza, na kama huna muda wa kusoma yote, shika huo.

Mimi nilianza kukabwa nilipoingia kazi ya zamu, mapokezi kwenye hoteli moja ya pwani. Unatoka kazini asubuhi, unafunga mapazia, unalala. Mara macho yanafunguka. Feni unaiona inazunguka, jirani unamsikia uani anakuna nazi, chumba ni kilekile. Ila kidole hakiinuki, kifua kimelemewa, na mlangoni kuna mtu. Uso wake huuoni, lakini unajua yupo na unajua hakuja kwa wema. Unataka kumwita mama, sauti haitoki.

Ukiyasimulia haya nyumbani, majibu unayapata kabla hujamaliza. Shangazi anakwambia jini amekukalia. Mwenye duka anauliza umegombana na nani siku hizi. Wa kanisani anasema hiyo roho ikemewe. Na kazini hakosekani mjuaji wa kucheka, "Stresi hizo, bwana!" Kila mmoja anataka uchague upande wake, na mimi nilishachoka kuchagua.

Tuanze na mwili. Mwaka 1953 huko Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman walieleza kwamba kuna kipindi cha usingizi ambacho macho hukimbiakimbia chini ya kope, na ukimwamsha mtu hapo, mara nyingi atakwambia alikuwa anaota. Miaka michache baadaye Michel Jouvet wa Lyon, Ufaransa, akaonyesha kuwa katika kipindi hichohicho misuli hulegea kabisa, kwa amri inayotoka kwenye shina la ubongo. Alipoharibu sehemu ndogo ya shina hilo kwa paka, wale paka wakawa wanainuka usingizini na kuwinda windo ambalo halipo. Kumbe tunafungwa kila usiku ili tusiziigize ndoto zetu. Kinachobaki huru ni macho na ule msuli wa chini ya mbavu unaotuvutia pumzi.

Kukabwa ni pale fahamu inapoamka kabla kifungo hakijafunguliwa. Ndoto nayo haijaondoka, inamwagika chumbani ukiwa unaona. Kifua ni kizito kwa sababu misuli ya mbavu imelegea, na wewe unajaribu kuvuta pumzi kubwa kwa nguvu. Si ugeni wala si mkosi: mwaka 2011 watafiti walipojumlisha tafiti 35, walikuta karibu watu 8 kati ya 100 wamewahi kupatwa, na kwa wanafunzi walikuwa 28.

Basi yule wa mlangoni? Hapa ndipo panaponipendeza. Mwaka 2006, madaktari wa Uswisi walikuwa wanampima binti wa miaka 22 mwenye kifafa kabla ya upasuaji. Walipopitisha umeme kidogo mahali fulani upande wa kushoto wa ubongo, alihisi mtu nyuma yake. Akilala, mtu yule analala vilevile. Akikaa na kukumbatia magoti, mtu yule naye anakaa, tena anamkumbatia, na binti hakupenda. Lile eneo husaidia ubongo kujua mwili wako uko wapi na unaishia wapi. Likivurugwa, wewe mwenyewe unaweza kujihisi kama mtu mwingine.

Wapo wanaosoma hayo na kuruka: umeona, hakuna jini wala roho. Wengine wanarukia upande wa pili: umeona, sayansi imethibitisha ulimwengu wa roho. Wote wamevuka walipofikishwa. Umeme ule ulionyesha namna hisia ya mtu asiyekuwepo inavyoweza kutengenezwa, basi. Ghaibu haikupimwa siku ile. Mimi ni Mwislamu, majini naamini wapo, na bado sioni sababu ya kumsingizia jini kila nikilala vibaya.

Lakini imani inafanya kazi kwenye jambo hili, na kazi yenyewe inaweza kuwa ya kukuponza. Baland Jalal, mtafiti wa usingizi, alilinganisha watu wa Misri na wa Denmark. Wamisri, ambao wengi walilihusisha na majini, walikabwa mara nyingi zaidi, wakakaa wamekwama muda mrefu zaidi, na waliogopa zaidi kwamba wanakufa. Hofu inaamsha mwili, usingizi unakatika vibaya, na kesho unalala ukiwa unamsubiri.

Jalal huyohuyo akapendekeza tiba ambayo ustadhi yeyote ataitambua. Kwanza jiambie ni nini hiki, na kwamba kitapita. Usikiogope. Kisha peleka moyo wote kwenye kitu kimoja kizuri, kama dua au sura ya mtu unayempenda. Legeza mwili, usijaribu kujinyanyua. Kwa wagonjwa wachache waliojaribiwa Italia, mwaka 2020, siku za kukabwa zilipungua kwa kiasi cha nusu. Ni wachache mno, sikatai.

Mimi husema moyoni "Hasbunallahu wa ni'mal wakil", polepole, nikiifuata pumzi ilivyo bila kuivuta. Mwenzangu wa zamu, Mkristo, hukaa na "Bwana ndiye mchungaji wangu", hata mstari wa pili hafiki. Siri iko kwenye utulivu. Ukiisoma dua kwa kiherehere, kama unayemfukuza mwizi, unaongeza moto. Huko Italia pia, mwaka 2001, ilipimwa kwamba kusali rozari kwa Kilatini kunashusha pumzi hadi kama sita kwa dakika, na mapigo ya moyo yakaufuata mdundo huo. Waliozitunga sala hizo hawakuwa na mashine.

Na usilale chali. Kulala chali kunahusishwa sana na kukabwa, na sisi tulifundishwa utotoni kulalia ubavu wa kulia, kwa hadithi ya Mtume. Sidai kwamba hadithi ilikuja kwa ajili ya jinamizi, nasema tu kwamba mimi imenifaa. La pili ni saa za kulala: zamu ikibadilikabadilika, jilipe usingizi mapema, usingoje siku ya mapumziko.

Wakikwambia umetupiwa kitu, shika pochi yako. Tena uliza wazee wa Zanzibar kuhusu Popobawa, yule kiumbe aliyesemekana kuwavamia watu usiku, mwaka 1995: watu walilala nje makundi kwa makundi, na kijana mgonjwa wa akili akauawa na umati kwa kudhaniwa ndiye. Hofu ya usiku ikishapewa sura ya binadamu, haikawii kutafuta wa kumwadhibu. Pesa ya kafara mpelekee daktari, hasa kama unasinzia mchana bila kujizuia au magoti yanalegea ukicheka. Huo unaweza kuwa ugonjwa wenye jina na dawa.

La mwisho ni kwa mnaolala wawili. Mwambie mwenzako mapema kwamba akikusikia unagumia, akuguse bega na kukuita jina, inatosha. Asikumwagie maji. Rafiki yangu alimwagiwa ndoo nzima ya maji ya kisima na mkewe, na siku hizi anaogopa ile ndoo kuliko jinamizi lenyewe.