Bastola ya babu iliyogeuzwa mtambo

Ndugu yangu wa Lamu, nimekuelewa: bastola ya babu ina kitako cha nakshi, mtambo (sehemu inayowasha baruti) umebadilishwa, nawe wataka kujua ilitoka wapi.

Kwanza usiielekeze kwa mtu wala kujaribu kuifyatua. Bastola za kumiminwa baruti mdomoni huweza kukaa na baruti na risasi iliyoshindiliwa ndani miaka mingi. Ripoti kituo cha polisi kabla ya kuitembeza mjini. Kenya silaha huhitaji kibali, na usidhani ukongwe unakuepusha.

Mabadiliko unayoyaeleza yanafanana na gumegume (bunduki ya kuwashwa kwa cheche za jiwe) lililogeuzwa kuwa la fataki, yaani kikofia kidogo kinacholipuka kikigongwa, kazi iliyoenea karne ya 19. Tazama ubavuni: tundu za skrubu zilizozibwa ndipo kilipokaa kisahani cha baruti ya kuwashia cha gumegume.

Asili isome kwenye mtutu, maana kitako chaweza kuwa cha fundi wa hapa hapa. Herufi ELG ndani ya duara la yai ni alama ya ukaguzi wa silaha ya mji wa Liège, Ubelgiji. Zikiwa na taji juu, ni kuanzia 1893. Taji na neno TOWER kwenye mtambo huashiria jeshi la Uingereza, ingawa waigaji walikuwapo. Piga picha za alama, uzipeleke Makumbusho ya Lamu. Na tafadhali, msasa usiiguse!