Imre Nagy hakuwa adui wa ukomunisti

Ndugu, umeuliza kama Imre Nagy wa Hungaria alinyongwa kwa kuupinga ukomunisti. Hapana, na hapo ndipo kisa chake kinapouma. Alikuwa mkomunisti tangu ujana, alipotekwa na Warusi katika Vita Kuu ya Kwanza, na baadaye akaishi Moscow kuanzia 1930 hadi 1944. Mwaka 1945, akiwa waziri wa kilimo, aliwagawia wakulima ardhi ya makabaila. Akawa waziri mkuu 1953, akalegeza kamba, wenzake wakamng'oa 1955. Maasi ya wananchi dhidi ya utawala huo, Oktoba 1956, ndiyo yaliyomrudisha madarakani.

Tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba Hungaria inajitoa katika Mkataba wa Warsaw, muungano wa kijeshi ulioongozwa na Wasovieti. Siku tatu baadaye vifaru vya Kisovieti vikaivamia Budapest. Akakimbilia ubalozi wa Yugoslavia, akaahidiwa usalama kwa maandishi (na János Kádár mwenyewe, kiongozi mpya aliyewekwa na Wasovieti, si mtu wa mtaani!), alipotoka tu akakamatwa. Walimnyonga 16 Juni 1958, wakamzika bila hata jina kaburini. Akazikwa upya kwa heshima 16 Juni 1989. Mahakama Kuu ilimfutia hatia tarehe 6 Julai, siku ileile aliyokufa Kádár.