Maswali ya Wasomaji: Feni, Taa na Chumba Kipya cha Upasuaji

SWALI: Kituo chetu cha afya kimekamilisha jengo la upasuaji litakalotumika zaidi kwa akina mama wanaojifungua kwa upasuaji. Fedha zilizobaki hazitoshi kununua kila kitu. Wajumbe wa kamati wanataka tuanze na kitanda na taa kubwa ya kisasa, na fundi amekwisha kupima dari ili afunge feni kwa sababu ya joto la huku. Je, feni inafaa? Na fedha zitangulie wapi?
Mganga Mfawidhi, Tabora

JIBU: Ndugu Mganga Mfawidhi, mzuie fundi kwanza. Feni ya dari huinua vumbi na chembe za ngozi zilizokwisha kutua na kuzirudisha juu ya kidonda kilicho wazi. Kiyoyozi cha kawaida cha ukutani nacho hupoza hewa ile ile iliyomo ndani bila kuibadilisha. Kinachotakiwa ni hewa mpya iliyochujwa, iingie kutoka juu na kutokea karibu na sakafu, kwa msukumo unaozidi ule wa korido, ili mlango unapofunguliwa hewa itoke badala ya kuingia. Mitambo ikishafungwa, shikeni uzi mwembamba kwenye upenyo wa mlango: ukivutwa kuelekea chumbani, kazi haijakamilika, hata kama mkandarasi anadai malipo yake. Msikipoze chumba kupita kiasi, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani linashauri mahali anapozaliwa mtoto pasipungue nyuzi joto 25.

Kuhusu fedha, naielewa kamati, kwa sababu taa hupigwa picha siku ya uzinduzi na tangi la maji halipigwi. Hata hivyo, taa ya kawaida inayowaka wakati wote ni bora kuliko ya kifahari inayozimika daktari akiwa bado hajafunga mshipa unaovuja damu. Umeme ukikatika, jenereta huchukua muda kabla ya kuanza kutoa umeme, hivyo betri za akiba ziwepo kubeba taa, mashine ya kufyonzea damu na kipimo cha oksijeni ya damu katika muda huo. Mashine ya kuzalisha oksijeni hutegemea umeme huo huo, na kwa hiyo mtungi uliojaa lazima uwe karibu. Mtungi wenye lita 680, ukitumika kwa lita 5 kila dakika, humalizika katika muda wa saa mbili na robo, na hesabu hiyo ifanywe kabla mgonjwa hajalazwa mezani.

Mahali ambapo vituo vingi hujikwaa ni utakasaji wa vyombo, yaani kuua vijidudu vyote vilivyomo. Vyombo vichafu visikutane njiani na vilivyotakaswa: viwe na mlango wao wa kutokea, vioshwe kwa maji na sabuni kwa brashi, vikaushwe, vifungwe, kisha viingie kwenye mashine ya mvuke kwa nyuzi 121 kwa dakika 30, zikihesabiwa tangu joto hilo lifikiwe na si tangu swichi iwashwe. Ule utepe unaobandikwa kwenye furushi na kubadilika rangi huthibitisha tu kwamba furushi limepita kwenye joto, si kwamba vijidudu vimekufa. Furushi lililotoka likiwa limelowa lihesabiwe kuwa si safi na lirudiwe. Mazoea ya kuloweka mikasi kwenye klorini kabla ya kuiosha yaachwe, kwa sababu klorini hula chuma na damu iliyoganda hubaki kwenye maungio. Mashine ya mvuke ikiharibika nanyi hamna ya pili, chumba kizima kimefungwa, kwa hiyo mimi ningenunua mbili ndogo kuliko moja kubwa.

Maji yakikatika, Shirika la Afya Duniani linaruhusu wapasuaji waandae mikono kwa kipukusi chenye alkoholi badala ya sabuni na maji, ilimradi mikono haina uchafu unaoonekana. Nywele za mgonjwa zisinyolewe kwa wembe.

Kitu kimoja hakitagharimu zaidi ya karatasi. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ilijaribiwa katika hospitali 8 duniani, mojawapo ikiwa ya Ifakara hapa Tanzania, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vikipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Timu husimama mara tatu, yaani kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kukata na kabla ya mgonjwa kutoka, na mara hiyo ya mwisho gozi (vitambaa vya kufyonzea damu), sindano na vyombo huhesabiwa kwa sauti. Muuguzi apewe mamlaka ya kusimamisha kazi hesabu isipotimia, hata mbele ya daktari mkubwa.

Kabla ya mgonjwa wa kwanza, fanyeni zoezi usiku na timu yote, mtaalamu wa usingizi akiwemo, kisha mtu azime umeme mkuu bila kutoa taarifa. Yatakayokwama usiku huo ndiyo yapewe fedha zilizobaki, na taa ya kisasa isubiri bajeti ijayo.