Mahindi ya kutupia: kipimo gani kwa kuku wa mayai?

Swali: Niko Himbi, hapa Goma, na kuku wa mayai 12 wenye wiki 34. Wanakula provandi ya kununua (chakula cha kuku kilichochanganywa tayari), ila bei imepanda, basi asubuhi na jioni nawatupia mahindi, jumla kama gramu 600 kwa siku, pamoja na maganda ya viazi na mabaki ya wali. Walikuwa wakinipa mayai 10, sasa ni 6, na maganda ni membamba hata yai linapasuka mkononi. Changarawe nyeusi ya lava wanayo, niliambiwa inakaza ganda. Shida ni nini?

Jibu: Shida, mama, ni hizo gramu 600. Kuku wa mayai anakula gramu 110 hadi 120 kwa siku, basi. Ukimpa gramu 50 za mahindi, hazijumlishwi juu ya provandi. Zinachukua nafasi yake. Na kwa kuwa mahindi ni matamu kwake, anaanza nayo asubuhi akiwa na njaa, kisha provandi anaidonoa tu.

Piga hesabu ya kuku mmoja. Provandi nzuri ya kutaga ina protini asilimia 17 hivi na kalsiamu karibu asilimia 3.8. Akila gramu 115 za provandi tupu, anapata kalsiamu gramu 4.4. Akila 65 tu na kumalizia na mahindi, ambayo kalsiamu yake ni kama hakuna, anapata 2.5. Ganda la yai moja linahitaji gramu 2, na mwili wa kuku hunyonya karibu nusu tu ya kalsiamu anayoila. Upungufu anaukopa kwenye mifupa yake, ganda linakuwa jembamba, mwishowe anapunguza kutaga. Protini nayo inashuka kutoka gramu 19.5 hadi 15 hivi, huku nguvu ya mahindi ikigeuka mafuta. Mshike mmoja umpapase tumbo chini ya mkia: likiwa zito, limejaa mafuta laini, mahindi yamezidi.

Kipimo ni gramu 10 kwa kuku, yaani gramu 120 kwa wote 12, kama konzi tatu za mkono. Toa saa kumi na moja jioni, wakiwa wameshashiba provandi, siyo asubuhi. Mabaki ya wali na maganda ya viazi yahesabiwe humo humo, siyo juu yake. Siku mbili tatu za kwanza watakulilia na kususa, usiwaonee huruma. Lowesha provandi kidogo kwa maji ili iwavutie, na inayobaki baada ya muda wa saa mbili itupe, maana inachacha. Maganda ya mayai hurudi kuwa magumu ndani ya siku 7 hadi 10. Idadi ya mayai huchukua wiki mbili au tatu.

Changarawe ya lava iache, ina kazi yake: inasaga punje kwenye firigisi. Ioshe vumbi, uchague yenye ukubwa kati ya punje ya mchele na ya mahindi. Lakini haina kalsiamu ya kumfaa kuku. Hiyo itoke kwenye mawe ya chokaa yaliyopondwa vipande vya milimita 2 hadi 4, au maganda ya mayai yaliyokaushwa kwenye sufuria juu ya mbabula (jiko la makaa) mpaka yavunjike kama biskuti. Yaponde yasifanane tena na yai, wasije wakajifunza kula mayai yao. Weka kwenye chombo cha peke yake kuanzia alasiri: ganda hutengenezwa usiku, na vipande vikubwa huyeyuka polepole. Chokaa iliyochomwa, ile ya kupaka ukuta, usithubutu, inaunguza.

Maganda ya viazi yenye rangi ya kijani yatupe; mengine yachemshe. Wali wenye chumvi nyingi hapana. Maharage mabichi ni sumu kwao, na Goma iko juu, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwa hiyo yaive hadi yawe laini kama ya kula watu. Lengalenga (mchicha) wape bila woga, inatia kiini rangi, na mahindi ya njano pia. Sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, wakavu wasio na chumvi ni protini nzuri, gramu 2 au 3 tu kwa kuku. Wakizidi, yai linanuka samaki.

Na mahindi yenyewe uyapime, hasa msimu wa mvua. Kausha vizuri chupa ya kioo, tia punje hadi theluthi moja na vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funika, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi hayajakauka vya kutosha, yatashika kuvu ukiyafunga kwenye mfuko. Yenye kuvu usiyaoshe wala kuyachemsha ukidhani yamepona: aflatoksini, sumu ya kuvu hiyo, haitoki kwa moto wa jikoni.

Kama lengo ni kupunguza gharama, uliza wauza provandi kama wana konsantre ya kutaga (mchanganyiko wenye protini na madini mengi, wa kuchanganywa na nafaka), uchanganye na mahindi yako yaliyosagwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko. Hapo mahindi yatakuwa ndani ya mgao wao, na gramu 600 hazitakuwa tatizo tena.