Tufute fungulia mbwa?

SWALI: Shikamoo Mzee wa Mzunguko. Mimi ni mweka hazina wa timu ya Championship, ligi ya pili chini ya Ligi Kuu, Nyanda za Juu Kusini. Msimu uliopita kiingilio kilikuwa shilingi 2,000, tukipata watu kama 600. Msimu huu tumepandisha hadi 3,000 kwa sababu safari za ugenini zinatumaliza. Mechi iliyopita tumeuza tiketi 230. Nje ya geti walikuwa wengi kuliko ndani, wanasubiri fungulia mbwa, yaani geti liachiwe waingie bure, dakika ya 75. Wenzangu kwenye kamati wanataka geti lisifunguliwe kabisa. Unasemaje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hesabu umeileta bila kuijumlisha. 600 mara 2,000 ni 1,200,000. 230 mara 3,000 ni 690,000. Mmepandisha bei mkapoteza nusu milioni na ushee, na hapo VAT ya asilimia 18 haijakatwa, wala pango la uwanja, ambao huko mikoani mara nyingi ni wa CCM. Safari ya Geita hailipwi na geti hata mkiweka 5,000. Hiyo tafutieni mfadhili.

Huyo wa nje simlaumu. Kibanda umiza, cha kuonyesha mpira kwenye TV, anaingia kwa mia tano, anakalia benchi, anawaona Simba au Yanga saa 10 ileile mnayocheza nyie. Taa hamna, kwa hiyo usiku hamwezi kuhamia. Andikeni Bodi ya Ligi muombe saa 8 siku kama hizo. Jua litawaka, ndiyo, lakini mtu atamaliza kwenu akawahi kibandani.

Sasa fungulia mbwa. Mwaka 1988, Coastal Union walipochukua ubingwa, nilikuwa na miaka tisa na kituo changu kilikuwa geti la uwanja wao wa Mkwakwani, Tanga. Kipindi cha kwanza nilikijua kwa kelele tu: ikikatika ghafla, mpira umepaa, ikipanda isishuke, bao. Geti likiachiwa tunakimbia, kandambili mkononi, tunafika mzunguko, kwenye viti vya bei ya chini, tunahema, tunauliza ngapi ngapi. Nilipopata kibarua cha kwanza bandarini, mshahara ulipotoka nilikwenda kununua tiketi. Niliona aibu kidogo kuingia mechi haijaanza.

Kwa hiyo msilifunge. Kosa lenu ni kuwapa watu dakika. Wakijua ni ya 75, wanapanga siku yao kwa dakika ya 75. Leo achieni ya 65, wiki ijayo ya 85, na siku ya mechi ya watani lisifunguliwe.

Mzunguko shusheni hadi 1,000. Jukwaa kuu lenye kivuli libaki 3,000, wenye nazo watalipa. Mwanafunzi mwenye sare aingie bure. Kwa mzunguko peke yake mtahitaji watu 1,200 kufikia mapato ya zamani, na sikudanganyi, mechi mbili tatu za mwanzo hamtawapata. Mtu akichungulia akaona majukwaa matupu anageuza boda. Bei mpya ibandikwe stendi na sokoni tangu Alhamisi. Nina wasiwasi ile 3,000 watu waliisikia dirishani, wakiwa na noti mbili tu mkononi.

Mechi ijayo ondoka jukwaani, kasimame getini dakika ya 60, uwahesabu. Kisha niandikie ni wangapi, na wangapi kati yao ni watoto.